Kabla Hujaaga Lamu: Kwa Mgeni wa Maulidi

Mfungo Sita ukielekea ukingoni, Lamu hujaa wageni. Wengine hutoka Mombasa na Malindi, wengine Unguja, wengine Ngazija kule Komoro, na wote nia yao ni moja: Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Namna ya kufika watu huulizana sana. Namna ya kuondoka hakuna aulizaye, na hapo ndipo wengi wetu huharibu. Mimi nimekwenda mara nne, na mara ya kwanza niliondoka vibaya.

Anza na siku yenyewe. Usikate tiketi ya kurudi kwa siku ileile ya ziara ya kaburi. Watu wakishatoka kaburini kwa Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuanzisha msikiti huo, zefe, yaani maandamano, likaingia mitaani na bendera na matwari, mji mzima uko njiani. Yule mzee unayetaka kumpa mkono utamwona kwa mbali kofia yake tu. Kisha kuna mwandamo wa mwezi, ambao unaweza kuisogeza siku uliyoihesabu. Kata tiketi mapema, maana mabasi ya Mokowe, gati ya bara unakovukia kwa boti, hujaa wiki ile, lakini iwe ya kesho kutwa yake. Siku ya katikati ndiyo siku ya kuaga, na itakwisha yote. Mji ni wa vichochoro, kila baraza ina mtu, na kila mtu ana kahawa.

Pima pia ugeni wako mapema. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema ugeni ni siku tatu na kinachozidi ni sadaka, na akakataza mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Maulidi huchukua zaidi ya siku tatu. Sasa ufanyeje? Jembe la siku ya tatu usingoje kupewa, liombe mwenyewe. Nyumba yenye wageni kumi haikosi vitunguu vya kumenya, mikeka ya kukung'uta, maji ya kupandisha ghorofani. Aliyeshika kazi huaga kwa wepesi. Aliyekaa sabule, chumba cha wageni, wiki nzima akingoja sinia, siku ya kuondoka ulimi humwia mzito, na anajua kwa nini. Ukisikia "kaa bwana, wakimbilia wapi?" shukuru, ila usilichukue kama hesabu ya chakula kilichobaki jikoni.

Kubwa kuliko yote ni radhi. Wengi hulitamka neno buriani bila kujua limebeba nini: asili yake ni Kiarabu, na mwenye kulisema anaomba kuondolewa dhima, asamehewe alichokosa na afunguliwe alichodaiwa. Kwa hiyo kabla hujafunga begi, kaa chini ujihesabu. Una kofia ya nani? Ile kanzu uliyoazimwa usiku wa kwanza, ulipojimwagia mchuzi, imefuliwa? Mwenye mkokoteni aliyekubebea mizigo toka gatini akakwambia "utanipa kesho", je, hiyo kesho ilifika? Dukani umeacha deni la maji ya chupa? Vitu vidogo hivi ndivyo husahauliwa, na ukishavuka havina wa kuvilipa ila mwenyeji wako, ambaye atalipa na asikwambie.

Ukishamaliza ya mikononi, nenda kwa watu. Anza na mkubwa wa nyumba, hata kama aliyekuhudumia ni kijana wake. Maneno si lazima yawe ya kishairi. "Bibi, nimekaa kwenu, nimekula, nimelala, na mwanadamu hakosi kukosa. Niwie radhi." Atakujibu, "Hapana neno mwanangu, nawe utuwie radhi sisi." Usiinuke hapo. Itikia, mwambie umewawia radhi, kisha ngoja dua. Mtu anayeinuka katikati anamwacha mwenzake na mikono ameinyoosha hewani.

Mara ya kwanza, kama nilivyosema, mimi sikufanya hayo. Basi lilikuwa la mapema, nikateremka ngazi alfajiri viatu mkononi, nikijiona mstaarabu kwa kuwa sikuamsha mtu. Nyumba ya pili alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa akiniletea mahamri kila asubuhi. Akaja na sahani yake, akakuta godoro limekunjwa. Niliporudi mwaka uliofuata nilitegemea kugombezwa. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai, kisha akauliza polepole, "Ile asubuhi, mwanangu, nilikuwa nimekukosa nini?" Mwaka mzima alikuwa ametafuta kosa lake.

Kuhusu wanawake na wanaume: mwanamume asijitome ndani ati anakwenda kuwaaga kina mama waliompikia. Simama dakani, hapo ukumbini mwa mlango, piga hodi, tuma mtoto au mwambie mwenyeji akufikishie salamu. Mara nyingi watakujibu wenyewe kutoka juu, na dua zao utazisikia. Mgeni wa kike ana bahati zaidi, yeye huingia mpaka jikoni, ila naye ajue hatoki huko kabla ya muda wa saa mbili kupita.

Zawadi inasumbua watu bure. Kumtia noti mkononi mtu aliyekulaza nyumbani kwake siku nane ni kumlipa, na hakuna aliyekwambia ni gesti. Ukitaka kutoa, njoo na kitu tangu kwenu: kilo ya majani ya chai, kanga, udi, madaftari ya watoto. Kama huna ila pesa, toa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo, yaani madrasa, au kwa sinia la karamu, na utoe katikati ya wiki, usingoje siku ya kuondoka. Mimi hupenda zaidi kutuma baadaye, mwezi mmoja umeshapita, bila sababu.

Begi nalo liache robo tupu. Utapewa mkate wa sinia, halwa, chupa ya achari, pengine na samaki wa kukaanga wa njiani, na kukataa huumiza. Atakayeruka kutoka Manda, kisiwa chenye kiwanja cha ndege, akumbuke kwamba ndege zile ni ndogo na uzito hupimwa kweli. Awaambie wenyeji mapema, ili bibi apunguze achari mwenyewe na isije kubaki kaunta. Kitambulisho kiwe mfukoni, si chini ya halwa, kwa kuwa njia ya basi ya Witu na Garsen ina vizuizi vya askari.

Kuna la ibada ambalo wasafiri huchanganya. Katika madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata wengi pwani hii, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, huyo husali rakaa zote kama mwenyeji. Ruhusa ya kupunguza humrudia akishautoka mji. Begi kuwa mlangoni si safari, kwa hiyo Adhuhuri ya kusubiri boti hapo Lamu ni nne.

Kaburini pita tena siku ile ya katikati, watu wakiwa wachache. Habib Swaleh mwenyewe alikuja Lamu akiwa mgeni kutoka Ngazija, akaweka makazi kule Langoni, akafundisha na wale ambao wakubwa wa mji hawakutaka wakae darasani. Hakuaga, alibaki. Basi wewe unayeondoka una mengi ya kumwombea. Na waombee pia wenyeji wa miaka iliyopita waliokwisha tangulia. Mwaka wa pili hivi utaanza kuwahesabu.

Usiahidi kurudi. Watakuuliza, "mwaka ujao tuko pamoja?" na moyo umejaa, ulimi unateleza. Inshallah inatosha, ukiisema kwa kumaanisha. Watoto hasa huweka ahadi kama sarafu kibuyuni.

Gatini watakusindikiza wengi kuliko ulivyotarajia. Mwisho wa mwezi ni bamvua, bahari hujaa na kupwa sana, na maji yakipwa ngazi za chini hubaki na utelezi, kwa hiyo begi mpe baharia kwanza, mikono ibaki huru. Wanaobaki nchi kavu watakusomea kwamba wanamwachia Mungu dini yako, amana yako na mwisho wa amali zako. Wewe uliye botini uwaitikie kuwa unawaachia Yule ambaye amana zake hazipotei. Ijifunze kabla, mashine ya boti ikiwaka hakuna anayesikilizana.

Na simu: chukua namba ya bibi, si ya kijana peke yake, maana vijana hubadilisha laini. Ukifika kwenu piga kabla hujafungua mzigo. Atakuuliza kama mkate wa sinia umefika mzima. Mwambie umefika, hata kama uliula wote Garsen.