Namna ya kulisoma jiwe uliloshika: la moto, la tabaka au la kugeuka

Watu wengi wakiokota jiwe cha kwanza wanaangalia rangi, na rangi ndo inadanganya kuliko kitu chochote. Jiwe jeupe linaweza kuwa kwatzi, marumaru, chokaa ya matumbawe, hata lava, yaani uji wa volkano ulioganda, ya mlima Oldoinyo Lengai iliyokwisha pigwa na unyevu. Jeusi linaweza kuwa basalti, obsidiani au makaa ya mawe. Kwa hiyo rangi iweke pembeni kwanza. Cha kuangalia ni mkao wa punje, yaani vile vipande vidogo vinavyounda jiwe vimeshikanaje, vimefumana, vimegandishwa au vimepangwa mistari, kwa sababu huo mkao ndo unakwambia jiwe lilizaliwaje.

Makundi ni matatu na wengi mlisoma shule. Miamba ya moto ni ile iliyokuwa uji wa mwamba ulioyeyuka ukapoa. Miamba tabaka, wengine wanaita mashapo, ni mchanga, matope, makombe au mimea iliyotuama ikafukiwa ikashikana. Miamba geu ni mwamba wa aina yoyote ile uliozamishwa chini ukapata joto na mgandamizo mpaka ukabadilika lakini haukuyeyuka. Hapo kwenye "haukuyeyuka" watu wengi wanateleza, wanadhani kila kilichopata joto ni cha moto. Angalia tofali: udongo unaingia kwenye tanuri unatoka kitu kingine kabisa, kigumu, rangi imebadilika, na hakuna mahali ulikuwa uji. Miamba geu ni hivyo hivyo, ila tanuri lenyewe liko kilomita nyingi chini, ambako joto linapanda kama digrii 25 mpaka 30 kwa kila kilomita unayoshuka, na mabadiliko yanaanza kuonekana joto likifika kama digrii 200 kwenda juu.

Vifaa havina gharama. Nyundo, msumari wa chuma, kipande cha kioo cha dirisha, siki au ndimu, maji kidogo, na lenzi ya kukuzia, kama huna basi kamera ya simu ukivuta karibu inasaidia sana. Na miwani ya kukinga macho, hata ile ya fundi grainda inafaa, tafadhali hii usiiruke maana kipande cha jiwe kikiingia jichoni hakirudi kirahisi.

Anza kwa kupasua. Sura ya nje ya jiwe imeshaliwa na jua na mvua, ina kutu, ina uchafu, haikwambii kitu cha maana. Pasua kona upate sura mpya, iloweshe maji kidogo punje zionekane vizuri, halafu ndo uanze kuangalia.

Kama unaona punje zimefumana, moja imeingia kwenye nyingine hakuna nafasi katikati, hakuna gundi, na zimekaa ovyo bila mwelekeo, hapo mara nyingi uko kwenye miamba ya moto. Sasa tazama ukubwa wake. Punje zikionekana kwa macho maana yake uji ulipoa taratibu mno, chini kabisa ardhini, kwa muda wa maelfu mpaka mamilioni ya miaka, fuwele zikapata nafasi ya kukua. Hilo ndo itale, au graniti, na ukitaka kuliona bila kuchimba nenda Mwanza. Yale mawe makubwa yaliyopandana juu ya vilima, pamoja na lile la Bismarck linalosimama ziwani, ni itale lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mwamba wa aina hiyo unaendelea Shinyanga, Tabora, Singida mpaka Dodoma. Hakuna aliyeyapanga. Mwamba ulipasuka ukiwa bado chini, maji yakapita kwenye nyufa yakala kona zake, halafu udongo ulioyazunguka ukasombwa taratibu yakabaki mawe ya mviringo yamekaliana. Kwenye itale utaona vitu vitatu: kwatzi inayopitisha mwanga na inachora kioo, feldispa nyeupe au ya pinki yenye sura bapa zinazong'aa ukigeuzageuza jiwe juani, na vidoa vyeusi ambavyo mara nyingi ni ulanga mweusi unaobanduka kwa kucha.

Punje zisipoonekana, jiwe ni la kijivu-nyeusi, zito, limetapakaa vitundu, hiyo ni lava iliyopoa haraka juu ya ardhi, mara nyingi basalti. Vitundu ni mapovu ya gesi iliyokuwa inatoka. Kilimanjaro yote, Shira, Mawenzi na Kibo, imejengwa na lava na majivu ya namna hiyo, tabaka juu ya tabaka mpaka mita 5,895. Lava ikipoa haraka zaidi fuwele hazipati hata muda wa kuanza, unapata obsidiani, kioo cha asili, utaipata maeneo ya Naivasha na watu wa kale walikuwa wanachonga nayo visu na ncha za mikuki. Ikiwa na gesi nyingi sana inatoka jiwe jepesi lililojaa matundu, lile la kusugulia miguu, ukiliweka kwenye maji linaelea.

Hapa lazima nimtaje Lengai kwa sababu watu wetu wanaishi jirani na kitu ambacho dunia nzima hakipo kwingine kwa sasa. Lava ya kawaida ya basalti inatoka na joto la digrii 1,100 hivi au zaidi. Ya Lengai inatoka na kama 500 mpaka 600 tu, nyepesi inatiririka kama maji, nyeusi, halafu ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya masaa au siku chache. Sababu ni kwamba haijajengwa na silika kama lava nyingine, imejengwa na kaboneti, madini ya jamii moja na chokaa, zenye sodiamu nyingi, na moja ya madini yake imeitwa nyerereiti kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo ukidondoshea siki lava ya Lengai inatoa povu, na bado ni mwamba wa moto. Likumbuke hilo tukifika kwenye chokaa.

Kama punje zimegandishwa, yaani unaona chembe za mviringo na katikati yake kuna kitu kinachozishika, au ukikwangua kwa msumari zinadondoka moja moja, hiyo ni miamba tabaka. Dondosha tone la maji, mawe mengi ya mchanga yanayanyonya. Mawe ya Mazeras ambayo watu wa Mombasa na Nairobi wanatandika uani ni jiwe la mchanga, na yanapasuka bapa kwa sababu mchanga ulitua kwa matabaka. Kama jiwe ni la matope, laini, lina punje ndogo sana, pumulia juu yake kisha nusa, utasikia harufu ya udongo uliolowa. Na kama kuna kombe, jani, mfupa, umemaliza kazi, visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya zamani, karibu vyote vinakaa kwenye miamba tabaka. Tendaguru kule Lindi, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 wakasafirisha mifupa ya dinosaria mpaka Berlin, ni mawe ya mchanga na matope yaliyotua karibu na bahari ya zamani.

Chokaa ndo mwamba tabaka ambao watu wa pwani wanaishi nao kila siku. Kwangua kidogo upate unga, dondoshea siki au kamulia ndimu, ukiona mapovu hiyo ni kaboneti, gesi inayotoka ni kaboni daioksaidi. Bila kukwangua siki yaweza isionyeshe kitu kwa sababu asidi yake ni dhaifu, kwa hiyo unga ni muhimu. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaojenga nyumba zao kwa chokaa baharini, vizazi kwa vizazi, na matumbawe unayoyaona leo nchi kavu ufukweni mengi yake yalikua kipindi bahari ilipokuwa juu kuliko sasa, miaka kama 125,000 iliyopita. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, Mji Mkongwe Unguja, Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593, kote huko ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka kwenye mawe hayo hayo. Saruji ya Wazo Hill nayo inaanzia kwenye chokaa. Na kwa sababu chokaa inayeyushwa pole pole na maji ya mvua, unapata mapango, mfano Amboni pale Tanga.

Makaa ya mawe nayo yamo humu, kama ya Kiwira na Mchuchuma kusini mwa Tanzania, ni mimea ya vinamasi iliyofukiwa kabla haijaoza yote.

Sasa majivu ya volkano. Mawe mengi ya kujengea yanayokatwa kwa mashine pembezoni mwa Nairobi ni majivu yaliyotua yakashikana, tufu, na hapo watu wanabishana: yametoka kwenye moto lakini yametua kwa matabaka. Mimi nayaweka kwenye moto kwa sababu malighafi ni ya volkano, ila ukiyaona na matabaka usishangae. Laetoli, zile nyayo za watu wa kale za miaka milioni 3.6 hivi zilizopatikana 1978, ziko kwenye majivu kama hayo, walipita yakiwa yamelowa, yakakauka, yakafunikwa na majivu mengine.

Kama punje zimefumana kama za itale LAKINI zimepangwa mistari, myeupe na myeusi, mingine imepindapinda, huo ni mwamba geu na jina lake ni naisi. Mistari ya miamba tabaka ni ya mchanga au matope tofauti yaliyotua, mara nyingi imenyooka na punje zina gundi. Ya naisi ni madini yaliyojipanga upya yakiwa yamebanwa, kwa hiyo hakuna gundi wala nafasi. Usambara, Pare na Uluguru ni naisi na ndugu zake, zilitengenezwa kwenye kina kirefu wakati mabara yalipogongana kama miaka milioni 650 mpaka 550 iliyopita, baadaye milima ikaliwa juu mpaka kilichokuwa chini kikatokea.

Mwamba geu unategemea ulianza kama nini. Chokaa inakuwa marumaru, fuwele zake zinang'aa na unga wake unatoa povu na siki vile vile, ndo maana ndimu inaharibu kaunta ya marumaru jikoni, na fundi akikuuzia "graniti" pasua sampuli au chora kwa msumari sehemu ya nyuma: marumaru inachorwa kirahisi, itale halichoriki kirahisi. (Na ile wanayoita graniti nyeusi, nyingi siyo itale kabisa, ni gabro, ya moto pia lakini haina kwatzi ya kutosha.) Jiwe la mchanga linakuwa kwatzaiti: pasua zote mbili ulinganishe, la mchanga linapasuka kuzunguka punje, kwatzaiti inapasuka kukata katikati ya punje, na inachora kioo kirahisi sana. Jiwe la sabuni la mji unaoitwa Tabaka kule Kisii ni geu pia, ni laini, unalichora kwa kucha, ndo maana wachongaji wanaliweza kwa kisu.

Tanzanaiti iliyojulikana 1967 pale Mererani imo kwenye miamba geu yenye kinywe (grafiti), rangi yake inatokana na vanadiamu, na nyingi inatoka ardhini ikiwa ya kahawia mpaka ichomwe ndo bluu inatokea. Bila ule mgongano wa mabara isingekuwepo.

Usichukue jiwe ndani ya hifadhi wala kwenye eneo la malikale, na ukiona mfupa au nyayo kwenye mwamba piga picha, acha pale pale, toa taarifa, kwa sababu kikishang'olewa wataalamu hawawezi tena kujua kilikuwa tabaka gani. Kwa mawe mengine unayoruhusiwa kuchukua, yafunge kwenye gazeti, ubandike karatasi yenye jina la mahali, kama jiwe lilikuwa sehemu ya mwamba wenyewe au limeokotwa mtoni, na majibu ya msumari, kioo na siki, maana lililookotwa mtoni laweza kuwa limesombwa kutoka mbali na likakupotosha kuhusu mwamba wa hapo.