Kumtumia mtaalamu wa maandiko kuomba ruzuku ya ubunifu

Mtaalamu wa maandiko, yaani mshauri unayemlipa akusaidie kuandika ombi la ruzuku, hawezi kuligeuza wazo bovu kuwa zuri. Anachoweza ni kuchukua wazo lenye ushahidi na kulipanga lijibu vigezo vya mfadhili, kigezo baada ya kigezo, ndani ya idadi ya maneno iliyowekwa. Ukimwendea mikono mitupu atakuandikia kurasa za kupendeza, utazilipia, na mtathmini atazipa alama ndogo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ni yako, tena kabla hujamtafuta mtu.

Anza kwa kujua kama unastahili

Soma tangazo zima la ruzuku, mwongozo wa waombaji na rasimu ya mkataba ikiwa imewekwa. Muhtasari wa ukurasa wa kwanza hautoshi. Angalia aina na ukubwa wa kampuni inayoruhusiwa, mahali iliposajiliwa, sekta, kiasi unachopaswa kuchangia mwenyewe, na tarehe ambayo matumizi yanaanza kutambuliwa. Hiyo tarehe huwaangusha wengi: ukinunua mashine wiki moja kabla ya kipindi cha mradi kuanza, kwa kawaida gharama yake hairudishwi hata kama umeshinda.

Kisha jipime kiteknolojia. Wafadhili wengi hutumia ngazi 9 za ukomavu wa teknolojia, kipimo kilichoanzia NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Ngazi ya 1 ni kanuni ya kisayansi tu, ya 4 ni kitu kilichothibitishwa maabara, ya 7 ni kielelezo kilichofanya kazi kwenye mazingira halisi, na ya 9 ni mfumo uliokamilika na unaotumika. Usijipandishe. Ukisema uko ngazi ya 6, mtathmini atatafuta matokeo ya majaribio, na asipoyaona ataanza kutilia shaka hata sehemu nyingine ulizozieleza kwa ukweli.

Neno "ubunifu" nalo lina mtego. Mwongozo wa Oslo, rejea ya kimataifa ya kupima ubunifu, toleo la 2018, unakubali bidhaa au mchakato uliotofautiana sana na ule ambao kampuni yenyewe ilikuwa nao. Mashindano mengi ya ruzuku hayaridhiki na hilo. Yanataka kitu ambacho soko zima halijakiona. Kuweka mfumo wa mauzo ambao washindani wako tayari wanao ni maboresho mazuri, ila hayatafika mbali huko.

Piga hesabu ya fedha kabla ya kumlipa mtu yeyote

Ruzuku nyingi hulipwa kwa kurejesha gharama: unatumia, unatoa taarifa, ndipo unalipwa. Chukua mradi wa 100,000 kwa miezi 12, mfadhili akibeba asilimia 70, ukidai kila baada ya miezi 3 na kulipwa miezi 2 baadaye. Kwenye karatasi mchango wako ni 30,000. Lakini ukitumia kiasi kilekile kila mwezi, mwisho wa mwezi wa 11, kabla ya malipo ya tatu kuingia, utakuwa umetoa takriban 91,700 na kurudishiwa 35,000 tu. Fedha yako iliyo nje ni 56,700. Kama huna pa kuitoa, ruzuku hiyo inaweza kukufilisi huku umeshinda. Uliza mapema kama kuna malipo ya awali, na usikubali mshauri akwepe swali hili.

Ada ya mshauri nayo iwekwe pembeni. Gharama za kuandaa ombi hutumika kabla ya mkataba wa ruzuku, kwa hiyo mara nyingi hazitambuliki. Chukulia kwamba zinatoka mfukoni mwako.

Msaada wa aina gani?

Si lazima umpe mtu andiko zima. Kama ndani ya kampuni kuna anayeandika vizuri na kuijua teknolojia, nunua vitu viwili tu: ukaguzi wa rasimu kwa kufuata karatasi ya alama ya mfadhili, na utengenezaji wa bajeti. Kwa maoni yetu hapo ndipo fedha inapofanya kazi zaidi. Kuandikiwa kila kitu kunafaa pale muda ni mfupi, mradi una wabia wengi, au mfadhili ana taratibu ngumu ambazo hujawahi kuzipitia. Mambo ya hataza (haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi) yapeleke kwa mwanasheria wa miliki bunifu. Mwandishi wa maandiko si mbadala wake.

Kabla ya kulipa, maliza msaada wa bure. Wafadhili wengi wana dawati la maswali na vikao vya maelezo kwa waombaji, na vituo vya kulea biashara na ofisi za utafiti za vyuo vikuu mara nyingi hukagua mawazo bila malipo. Tazama pia orodha za washindi waliopita, ambazo wafadhili wengi huzitangaza. Waandikie wachache na uwaulize nani aliwasaidia, na kama wangemtumia tena.

Kumchuja mshauri

"Tunashinda asilimia 80" ni kauli isiyo na maana mpaka ujue ni mfuko upi, kipindi gani, maombi mangapi, na kama waliwaondoa kwenye hesabu wateja walioishia katikati. Omba kuona andiko lililofichwa majina pamoja na maoni ya watathmini. Hayo maoni yanaonyesha zaidi kuliko andiko lenyewe. Uliza nani hasa ataandika, maana anayekuja kwenye kikao cha kwanza huenda usimwone tena. Uliza ana wateja wangapi kwenye shindano hilohilo. Mwisho, mwambie ataje sababu tatu za mradi wako kukataliwa. Asiyeona hata moja hajasoma tangazo, au anataka tu malipo.

Malipo huwa ya aina tatu: bei moja kwa kazi yote, kwa saa, au asilimia ukishinda. Hiyo ya asilimia inavutia kwa sababu haikuumizi ukishindwa, ila ina kasoro. Kanuni za maadili za Grant Professionals Association, chama cha wataalamu wa ruzuku cha Marekani, zinawakataza wanachama kulipwa kwa asilimia ya ruzuku, na wafadhili wengi hawaruhusu ada hiyo itoke kwenye fedha za mradi. Ukiikubali hata hivyo, weka kikomo cha juu, na ufute kifungu chochote kinachompa mshauri sehemu ya fedha utakazopata baadaye kwingine. Bei moja iliyogawanywa kwa hatua ndiyo salama zaidi: sehemu mkataba ukisainiwa, sehemu rasimu ya kwanza ikifika, na iliyobaki ombi likiwasilishwa.

Anayekuhakikishia ushindi mkimbie. Anayekuambia ulipe "ada ya kutoa fedha" baada ya kushinda ni tapeli. Angalia pia wanaotoza usajili ambao ni wa bure: kwa mfano, kujisajili kwenye tovuti ya SAM.gov, kunakohitajika kwa ruzuku za serikali kuu ya Marekani, hakulipiwi.

Mkataba useme wazi nani anafanya nini, rasimu ngapi zitatolewa (mbili ndizo za chini), tarehe za kila hatua, utunzaji wa siri, na kwamba maandishi yote ni mali yako hata mkiachana. Saini makubaliano ya kutunza siri kabla ya kutuma michoro au msimbo wa programu ya kompyuta. Akaunti ya kuwasilisha ombi ifunguliwe kwa jina na barua pepe ya kampuni yako. Mshauri aongezwe kama mwandishi, asishike nywila peke yake.

Wiki nane za kazi

Andaa jalada: cheti cha usajili, taarifa za fedha za miaka 2 au 3, wasifu wa watu muhimu, matokeo ya majaribio yenye tarehe, nukuu za bei za vifaa, na barua za wateja watarajiwa. Barua inayosema "tunaunga mkono mradi huu" haina uzito. Inayotaja tatizo la mteja, idadi atakayojaribu na masharti ya kununua ndiyo inayoongeza alama.

Wiki ya kwanza na ya pili ni za mahojiano na mpangilio wa kazi. Ya tatu hadi ya tano, rasimu na bajeti kwa pamoja. Zikitenganishwa hugombana: andiko linataja wahandisi watatu, bajeti inalipa wawili, na mtathmini huliona hilo mara moja. Kila mstari wa bajeti uoanishwe na kazi iliyoandikwa. Sehemu ya soko isiishie kwenye "tukipata asilimia 1 tu ya soko". Taja wateja wa kwanza, bei, na njia ya kuwafikia. Kwenye hatari, andika za kweli pamoja na utakachofanya zikitokea.

Wiki ya sita mpe rasimu mtu ambaye hajawahi kuusikia mradi, akiwa na vigezo mkononi, aipe alama. Ya saba ni ya kusahihisha. Ya nane wasilisha angalau saa 48 kabla ya mwisho, kwa sababu mifumo hulemewa saa za mwisho, visanduku vya fomu ya mtandaoni hukata maneno yaliyozidi, na saa ya kufunga inaweza kuwa ya ukanda mwingine wa saa. Soma mwenyewe kila neno kabla ya kubonyeza, kwani anayetia saini na kuwajibika ni wewe.

Ukikataliwa, dai maoni ya watathmini na uangalie kama mfuko unaruhusu kuomba tena. Ukiitwa kwenye usaili, mshauri anaweza kukufanyisha mazoezi ya maswali, lakini chumbani waende wanaoijua teknolojia na hesabu zake.