Somo: Kumshirikisha mzazi kabla mtoto hajaanza darasa la awali

Mbukwenyi wanakikundi. Mmeniuliza sana jinsi tunavyowashirikisha wazazi hapa kijijini kwetu, Chamwino, Dodoma. Haya.

Hatua ya 1: Angalia msimu. Mwaka wangu wa kwanza niliitisha kikao Januari, saa tatu asubuhi. Mvua imeshika, watu wako shamba wanapalilia uwele. Walikuja bibi wawili na mwenyekiti wa kitongoji. Siku hizi naitisha Agosti, saa kumi jioni, chini ya mbuyu.

Hatua ya 2: Daftari liache nyumbani. Mzazi akisikia elimu ya awali anawaza penseli na a-e-i-o-u, kisha anakwambia, "Mwalimu, mimi sikusoma, nitamfundisha nini?" Hapo namwaga karanga kwenye ungo. Namwomba mama mmoja achambue na mwanawe kama kawaida yao, ila waongee: nzima huku, mbovu kule, zipi nyingi? Nipe tatu. Mtoto wa miaka minne anatenganisha, analinganisha, anahesabu, na vidole vinavyobana karanga ndivyo vitakavyoshika penseli. Mama akiliona hilo kwa macho yake, hotuba ya nini tena?

Hatua ya 3: Kazi moja kwa wiki. Karanga, wiki nyingine vitendawili vya usiku. Ukiwapa tano hawafanyi hata moja.

Hatua ya 4: Pita majumbani, bila fomu. Ukifika na fomu wanakuona mkaguzi.

MASWALI

Akina baba hawaji kabisa.
Nawafuata mnadani. Kikao hawakitaki, kazi ya mikono wanaikubali: waliokuja kwetu walichimba vishimo vya bao uani, sasa wanacheza na watoto wao.

Mwanangu anajua Kigogo tu, hatachelewa?
Hapana, mama. Endelea kumsimulia kwa Kigogo. Kiswahili mfundishe kwanza kuomba maji na kuomba kwenda chooni; wengi hulia siku za mwanzo kwa hilo tu.

Awali ni lazima? Na ada?
Sera ya elimu ya 2014 iliifanya ya lazima, mwaka mmoja. Shule za serikali hazitozi ada tangu 2016. Uji wa shuleni ni makubaliano ya wazazi.

Karanga mbovu nizifanyeje?
Swali zuri, nilisahau. Tupa, hata kuku usiwape. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka huohuo wa 2016. Na mdogo wa mtoto wako anayetambaa asisogee kwenye ungo, karanga humkaba.