Kabla ya kumpunguza bibi uzito, mpime miguu

Wazee ninaowafanyisha mazoezi hapa Kigoma huletwa na watoto wao, na maneno ni yaleyale: "Bibi amenenepa, tumempunguzia chakula." Uzito unashuka kweli, ila misuli nayo inakwenda na mafuta, na mzee aliyeishiwa nguvu za mapaja ndiye anayeanguka usiku akienda chooni. Anzeni na kiti.

Hatua ya 1. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani. Sofa haifai, inazamisha. Bibi avue kandambili, apandishe khanga asije akaikanyaga, nyayo zote chini, mikono aipishanishe kifuani.

Hatua ya 2. Tega sekunde 30 kwenye simu, usimame ubavuni mwake. Asimame wima kabisa, akae, asimame tena. Unahesabu kusimama tu. Akijisukuma kwa mikono, andika sifuri, usimwonee haya. Kwa miaka 70 hadi 74, mwanamke asiyefikisha mara 10, au mwanamume asiyefikisha 12, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Akipata kizunguzungu au kifua kikimbana, mkomeshe hapohapo.

Mwangalie pia anavyokaa. Mama mmoja wa Ujiji alisimama vizuri mara 9, lakini kila akikaa alijibwaga, kiti kikagonga ukuta kwa! Kushuka ndiko kulikomshinda, na kushuka ndiko tulikokufanyia kazi.

Hatua ya 3. Zoezi lake: akae polepole mkihesabu hadi 4, asimame, mara 8. Apumzike, arudie. Siku 3 kwa wiki, zipishane. Mwanzoni ashike meza. Asibane pumzi, hasa mwenye presha.

Hatua ya 4. Punguzeni mawese na tonge la ugali, dagaa msimnyime hata siku moja. Misuli inajengwa na dagaa, migebuka, maharage na mayai. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Hatua ya 5. Mizani mara moja kwa mwezi, ileile, asubuhi kabla ya chai. Mzee wa kilo 60 akipungua kilo 3 au zaidi ndani ya miezi 6 na hakuna aliyekusudia, msishangilie. Mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo, akapimwe sukari na kifua kikuu.