Ukiokota yai la ajabu bandani, lisome kabla hujalitupa

Asubuhi moja ya Juni hapa Uyole, Mbeya, kwenye baridi ile inayomfanya hata jogoo awike akiwa amejikunyata, niliokota yai lisilo na ganda. Lilikuwa juu ya maranda, chini ya fito wanazolalia kuku, limelegea kama puto lenye maji. Mama jirani alilichungulia kupitia ua wa matete akasema, "Huyo kuku mchinje leo leo, anakuletea mkosi."

Sikuchinja. Nilifanya kosa jingine: nilikimbilia duka la pembejeo kununua chokaa ya mifugo, maana kila mfugaji utakayemuuliza atakwambia ganda laini ni upungufu wa chokaa. Nikawapa kwa wiki mbili. Mayai laini yakaendelea kuja, leo moja, keshokutwa mawili. Aliyenipa jibu hatimaye ni daftari la kurasa 48, na ndiyo maana mwongozo huu unaanzia hapo.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kutibu

Kila yai lisilo la kawaida liandikie mstari mmoja: tarehe, umeliokota wapi, likoje, na jana yake kulitokea nini bandani. Mlibadilisha chakula? Mlichanja? Maji yaliisha? Mahali ulipoliokota ni pa maana kuliko watu wanavyodhani. Yai la kwenye kiota limetagwa kuku akiwa ametulia. Yai la chini ya fito limemponyoka usiku.

Kama unataka kujua mhusika ni nani, wakague jioni wakishapanda kulala na uwapake washukiwa rangi ya midomo kidogo pembezoni mwa tundu la kutagia, kila mmoja rangi yake. Kesho yai litakuja na alama. (Nunua ya kwako. Mimi nilichukua ya mke wangu, na hilo nalo liliingia kwenye daftari.)

Yai moja la ajabu, kisha kuku akaendelea kutaga vizuri, liache lipite. Matetea wanaoanza kutaga hukosea sana wiki za mwanzo: mara viini viwili kwenye yai moja, mara kiyai kama cha njiwa kisicho na kiini kabisa. Hicho cha pili ndicho wengine hukiita yai la jogoo. Jogoo hahusiki. Kipande kidogo cha nyama kimebanduka ndani ya mrija wa mayai, mrija ukakidhania kiini, ukakivika ute na ganda. Kinachonishughulisha mimi ni kosa lile lile kujirudia kwa kuku yule yule, au kuku wengi kuanza kwa pamoja.

Hatua ya 2: Rudisha saa nyuma

Hapa ndipo wengi tunaporuka, na ndipo penye siri. Yai moja huchukua kama saa 24 hadi 26 kutengenezwa. Chukua kuku aliyetaga saa 3 asubuhi. Baada ya kama nusu saa kiini kingine kinaachiwa. Kinakaa muda wa kama saa tatu kikivikwa ute mweupe, halafu zaidi kidogo ya saa moja kikifungwa kwenye zile ngozi mbili nyembamba unazoziona ukimenya yai la kuchemsha. Alasiri kinafika kwenye mfuko wa kutengeneza ganda, na humo kinakaa karibu saa 20. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku, wewe ukiwa umelala.

Ukishaelewa hilo, yai linakuwa kama saa ya ukutani. Yai laini chini ya fito maana yake limetolewa kabla ganda halijajengwa, mara nyingi kwa hofu ya usiku. Yai gumu lenye mkanda au tuta linalozunguka kiuno chake lilipata ufa ndani ya kuku ganda likiwa bado changa, likazibwa. Hapo jiulize nini kiliwakimbiza kuku jana kuanzia alasiri hadi magharibi: watoto, mwewe, au wewe mwenyewe ukiwakamata kuwachanja. Na lile yai ambalo ukilivunja unakuta yai jingine ndani, nimeliona mara moja tu: yai lililokuwa tayari lilirudishwa juu na mkazo wa mrija, likakutana na lililokuwa likija nyuma, vikavikwa ganda pamoja.

Daftari langu lilisema hivi: mayai laini yote yalipatikana chini ya fito, na yote asubuhi za baada ya usiku ambao mbwa wa mama jirani alikuwa hajafungwa. Alikuwa anakuja kuchimba ukutani mwa banda akifuata panya. Chokaa haifukuzi mbwa.

Hatua ya 3: Kagua chakula, lakini kagua vizuri

Mbwa asipokuwepo, upungufu wa chokaa ndio wa kwanza kushukiwa, hasa kama ganda ni jembamba hata kwa mayai ya kwenye viota. Ganda la yai moja lina takribani gramu 2 za kalsiamu, madini yaliyomo kwenye chokaa, na kuku anayetaga kila siku anahitaji kula kama gramu 4. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, vyakula vyetu vikuu huku Nyanda za Juu Kusini, havimfikishi hata karibu. Chakula cha kuku wanaokua nacho hakitoshi, maana kina kalsiamu ya asilimia 1 tu hivi, wakati cha wanaotaga kinakaribia asilimia 4.

Ukichanganya mwenyewe, weka kilo 8 hadi 10 za chokaa ya mifugo au magamba ya konokono wa baharini kwa kila kilo 100. Ninachopendelea ni kuongeza pia kopo la pembeni lenye punje nene nene, kila kuku ajichagulie jioni. Punje hizo hukaa kwenye filigisi na kuyeyuka polepole usiku, saa zile zile ganda linapojengwa. Maganda ya mayai unaweza kuwarudishia, ila yakaange na uyasage yasifanane na yai, usije ukawafundisha kula mayai yao.

Tahadhari mbili. Chokaa ya kupaka ukuta si chakula, inaunguza. Na vifaranga wasile chakula cha wanaotaga, kalsiamu nyingi inawaharibu figo.

Jua nalo ni sehemu ya chakula. Bila vitamini D kuku hawezi kuitumia hiyo kalsiamu, na kule Tukuyu kwenye mvua na ukungu wa kila siku watu huwafungia kuku ndani wiki nzima. Likichomoza, watoe.

Hatua ya 4: Vunja kwenye bakuli jeupe

Kiini cheupe-cheupe si ugonjwa. Ni mahindi meupe na pumba tupu. Wape mchicha, majani mabichi au mahindi ya njano. Kiini cha kijani cha zeituni au kahawia, hasa yai likikaa siku kadhaa, ni dalili ya mashudu ya pamba kwenye chakula. Yai lenye harufu ya samaki, punguza dagaa.

Tone la damu kwenye kiini ni mshipa mdogo uliopasuka kiini kilipoachiwa. Litoe kwa ncha ya kisu, kula yai lako. Mnyoo ndani ya yai ni nadra lakini unatokea: minyoo ya tumboni imezidi hadi mmoja kapanda mrija wa mayai. Wape dawa kuku wote.

Ute uliolegea kama maji, pamoja na ganda lililokunjamana kama ngozi ya mzee, ndiyo picha inayoninyima usingizi. Mara nyingi ni bronkaitisi ya kuku, ugonjwa wa virusi. Hauna dawa, na kuku walioupata wakiwa vifaranga wengine huharibika mrija moja kwa moja: wanakua, wana upanga mwekundu, wanaingia kiotani, hawatagi.

Kitu kingine kinafanana na yai lakini si yai: bonge la njano, la matabaka, kama mpira, lenye harufu. Huo ni usaha uliogandana kwenye mrija wa mayai. Kuku huyo mtenge na uite mtaalamu.

Hatua ya 5: Lini umwite bwana mifugo

Mwite siku hiyo hiyo kama mayai mabaya yamekuja pamoja na kikohozi, kuharisha kijani, shingo kupinda au vifo. Kideri (Newcastle) huanza hivyo pia, na kama hujawachanja kwa tone la jicho ndani ya miezi 3 iliyopita, usijidanganye. Mwite pia kama kuku wanaonekana wazima kabisa lakini utagaji umeporomoka na maganda yamepotea kwa wengi kwa mkupuo. Afisa mifugo anaweza kupeleka sampuli kituo cha TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania) pale Iringa, na jibu la maabara ni nafuu kuliko kubahatisha dawa.

Antibayotiki za kubahatisha hazitengenezi ganda. Tena zile za jamii ya tetrasaiklini hushikana na kalsiamu, dawa isifanye kazi sawasawa. Ukilazimika kutumia dawa, soma kwenye pakiti siku za kusubiri, na mayai ya siku hizo usiuze wala usile.

Hatua ya 6: Mayai yenyewe uyafanyeje

Ya mkanda na yenye vipele kwenye ganda, kula, ila usimwekee kuku atamie. Ya viini viwili vivyo hivyo, hayaangui vizuri, ingawa wakaanga chipsi wanayagombania. Yasiyo na ganda hayana ngao dhidi ya vijidudu, kwa hiyo hayaingii jikoni kwangu. Yakipatikana siku hizi, mara moja moja, nayachemsha hadi yakauke na kumpelekea yule mbwa wa mama jirani, ambaye sasa usiku anafungwa.