Manukato ya mbao: usiyahukumu dakika ya kwanza

Ukijaribu manukato yenye harufu ya mbao, yale yanayovaliwa na wanaume kwa wanawake, usilipe papo hapo. Puliza mkononi kisha ondoka dukani. Kinachokupokea mwanzoni mara nyingi ni limau au iliki, na hicho hutoweka ndani ya nusu saa hivi. Harufu za sandali (mti wa msandali), mwerezi na vetiva (ambayo kusema kweli si mti, ni mizizi ya nyasi) huchelewa kupaa. Utazikuta saa mbili tatu baadaye, zimetulia kwenye ngozi, na hizo ndizo utakazoishi nazo.

Kila moja ina tabia yake. Mwerezi ni mkavu, kama penseli iliyochongwa sasa hivi: mtu nadhifu, wa maneno machache, anayefika kabla ya wakati. Sandali ni laini, ina kaharufu ka maziwa, ni ya mtu msikilizaji. Vetiva ina udongo na moshi. Mimi huiona ya mtu asiyehangaika kupendwa na wote. Santal 33, manukato ya kampuni ya Le Labo yaliyotoka 2011, huchanganya sandali, mwerezi na harufu ya ngozi kama ya mkoba, na bado wapo wanaoapa kwamba inanukia achari ya matango. Ndiyo maana ujaribu kwenye ngozi yako, si ya rafiki.

Mipulizo miwili inatosha. Pua yako itaizoea harufu upesi, kwa hiyo kabla ya kuongeza, muulize aliye karibu kama bado anaisikia.