Kabla hujapeleka faili lako la ujuzi chuoni, angalia haya

Wengi hapa Malindi washasikia kwamba ukiwa umefanya kazi miaka mingi waeza kupewa cheti, ama ukasamehewa masomo fulani chuoni, bila kurudi kukaa darasani na vijana waliomaliza fomu foo juzi. Ni kweli ipo. Hapa Kenya njia hii yaitwa RPL (Recognition of Prior Learning, kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa) na msimamizi wake mkubwa ni KNQA, ile mamlaka ya kitaifa ya vyeti na ngazi za elimu iliyotoka kwenye sheria ya mwaka 2014, na Marekani vyuo vingi vyatoa krediti (pointi za masomo zinazojumlishwa mpaka digrii) kwa kukagua potifolio yako, yaani faili la maandishi na ushahidi wa yale uliyojifunza nje ya shule. Shida ni watu wakisikia tu hivyo washakimbilia saiba kuskani makaratasi, ukimuuliza yaenda wapi hajui.

Basi jua kwanza waenda wapi, manake njia hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ya Kenya mwisho wake ni cheti cha kazi yenyewe, wapimwa kwa viwango vya kazi hiyo kisha wawekwa kwenye ngazi, na ngazi za kitaifa ziko 10, artisan ni ya 4, craft ya 5, diploma ya 6, digrii ya kwanza ya 7. Ya Marekani haikupi cheti chochote, yakupa krediti ndani ya kozi ambayo ushajisajili. Digrii yao ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120 na somo moja mara nyingi ni krediti 3, na kila chuo kina kiwango chake cha mwisho cha krediti za namna hii, zilizobaki lazima usome kwao na ulipe kwao. Uliza hicho kiwango mapema, tena uliza krediti zenyewe zitaingia kwenye masomo ya lazima ama yale ya kujichagulia tu, manake waeza kupewa krediti za kujichagulia tele na masomo ya lazima yakabaki vilevile kukungoja, pesa ushalipa.

Na jamani kuna wale wa kukuuzia digrii nzima kwa ajili ya "uzoefu wa maisha", watuma sivii leo, kesho kutwa walipa, wiki ijayo digrii yafika na DHL. Hiyo ni karatasi tu. Chuo halali kitakusumbua, kitataka ushahidi, kitakuhoji, na hakitakupa digrii nzima kwa potifolio peke yake. Kama ni cha Marekani tafuta jina lake kwenye orodha ya CHEA, baraza lao la ithibati ya vyuo, ama ya wizara yao ya elimu, kama ni cha ufundi hapa Kenya angalia kama kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, na kama wataka cheti cha nje kije kikusaidie kazini huku nyumbani waulize KNQA kabla hujalipa shilingi.

Sasa hili ndilo linaloangusha watu wengi. Chuo hakinunui miaka yako. Kuna shirika la Marekani laitwa CAEL, lilianza 1974, na msimamo ambao vyuo vyafuata mpaka leo ni kwamba krediti yatolewa kwa ulichojifunza, si kwa muda uliokaa kazini. Yaani mpishi akiandika "nimepika hoteli za biichi miaka 15" hajasema kitu, mtu aweza kupika chapati miaka 15 na asijue kwa nini unga wa leo wataka maji mengi kuliko wa jana. Lakini akiandika vile anavyopiga hesabu ya gharama ya sahani moja, anavyopanga menyu kwa wageni mia na waliobaki mezani ni sitini, kwa nini kuku mbichi haikai juu ya saladi kwenye friji, anavyomfundisha kijana mpya kushika kisu, na alipoona samaki wa asubuhi ana shaka alifanya nini na kwa nini, hapo mkaguzi aanza kuandika. Kwa hivyo kabla ya kuandika chochote chukua silabasi ya somo lenyewe, ama viwango vya kazi kama ni RPL ya hapa, usome yale matarajio moja moja na mbele ya kila moja ujiulize mimi hili nalijua kutoka wapi na nitalionyesha na nini. Pale huna jibu acha wazi, usijaze maneno.

Ushahidi ndio kazi ngumu zaidi kwa watu wa pwani, na nasema hivi kwa sababu ya vile ajira zetu zilivyo. Hoteli zafunga mwezi wa tano zafungua wa saba, nyingine zikifunga hazifungui tena, mwenyewe ashauza na yuko kwao Italia, meneja kahamia Diani, na wewe wabaki na picha umevaa yunifomu. Barua ya kazi itafute leo ukiwa bado kazini na mhuri uko karibu. Na isiwe ile ya "mwenye barua hii ni mtu mwaminifu na mchapakazi", hiyo nzuri ya kukodi nyumba. Iseme ulianza lini, ulifanya kazi zipi hasa, uliwasimamia watu wangapi, mashine gani waijua, na iwe na cheo na namba ya aliyeandika, manake atapigiwa. Kama waona aibu kumwomba bosi aandike kirefu mpelekee orodha ya kazi zako, wengi wao wafurahi kusaidiwa.

Asiye na bosi je? Fundi wa jahazi pale Matondoni ama mchonga milango Lamu mjini hana peisilipu maishani, na huyo ndiye RPL yamhusu zaidi ya wote kwa maoni yangu. Yeye apige picha za kazi hatua kwa hatua, si mlango ulioisha peke yake, apige ubao ukipimwa, mchoro ukichorwa, makosa yakirekebishwa, na uso wake uonekane. Vidio fupi ya kueleza kwa nini achagua mbao hii na si ile yaweza kubeba uzito kuliko barua tatu. Wateja wawili watatu waandike walichotengenezewa na lini. Hata steitimenti ya M-Pesa yasaidia kuonyesha kazi yalipwa, ingawa peke yake haithibitishi ujuzi, usiitegemee hiyo.

Wakaguzi waangalia ushahidi ni wako kweli, wahusu somo lenyewe, watosha, na ni wa sasa. Hili la sasa lawauma wengi. Kwa mfano cheti cha afya cha wanaoshika chakula chakatwa upya kila miezi 6, kwa hivyo cha mwaka juzi hakikusaidii. Huduma ya kwanza pia, kama imepitwa kaifanye upya kwanza.

Wale wenzangu tuliojifunza Kiitaliano biichi kwa kuongea na watalii, hapa pana mtego. Vyuo vya Marekani vyapenda mtihani wa CLEP kwa lugha, ule wa kupata krediti ukifaulu bila kusoma somo darasani, lakini huko kuna Kihispania, Kifaransa na Kijerumani tu, Kiitaliano hakuna. Kwa hivyo ulizia chuo chako kama watakubali cheti cha mtihani wa Kiitaliano, CILS cha chuo cha Siena ama CELI cha chuo cha Perugia, kule Italia, na ujue kuongea na mgeni vizuri si sawa na kuandika insha, hiyo mitihani yataka vyote.

Maandishi yenyewe andika mwenyewe hata kama Kiingereza chapinda. Kijana wa saiba akikuandikia, ama ukabandika ya rafiki, siku ya mahojiano utaulizwa hapa ulimaanisha nini ukabaki watoa macho, na kwa RPL ya hapa waeza kuambiwa ufanye kazi yenyewe mbele ya asesa, yaani mkaguzi.

Pesa uliza zalipwa kwa hatua gani, manake kwingi walipia ukaguzi, si matokeo, ukikosa hairudi. Na ukiambiwa bado hujafikia umahiri si lazima iwe faili lote, aghlabu ni yuniti (sehemu ya viwango vya kazi) moja ama mbili, waambiwa kilichopungua, waenda kusoma hizo peke yake ama kutafuta ushahidi zaidi. Kwa hivyo kabla hujakabidhi uliza hapohapo ukikosa yuniti waruhusiwa kurudia baada ya muda gani na kwa shilingi ngapi, upewe kwa maandishi, na makaratasi orijino urudi nayo nyumbani, wao waachie kopi.